Haki Angani: Kuweka Kanuni za Mota katika Mashindano ya Glaida Tukuyu

Glaida ya mfano ni ndege ndogo yenye mabawa marefu, inayoongozwa kwa rimoti. Inarushwa kwa mkono, mota ya umeme inaivuta juu kwa sekunde chache, kisha mota inazimwa na propela inajikunja kando ya pua. Kuanzia hapo rubani aliyesimama chini anategemea macho yake na hewa. Akipata hewa inayopanda, ndege inakaa. Akiikosa, ndege inashuka. Mchezo wenyewe ni huo, na kila kanuni ya mota inapaswa kuulinda.

Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu wa fizikia, fundi kijana au kiongozi wa klabu unayetaka kuandaa mashindano Tukuyu au popote wilayani Rungwe. Mashindano mengi huharibika kwenye sekunde 30 za mwanzo, kabla ubingwa wowote haujaonekana, kwa sababu kanuni zimempa ushindi mwenye mota kubwa. Kijana aliyejibana miezi kadhaa akanunua ndege ya povu hatarudi mwaka unaofuata akiona pesa za mwenzake zimeshinda. Kanuni nzuri humrudisha uwanjani.

Kwa nini sekunde peke yake hazitoshi

Kanuni inayokuja haraka kichwani ni hii: kila mtu awashe mota sekunde 30, basi. Inasikika ya haki. Piga hesabu uone.

Chukua glaida mbili zenye uzito wa kilo 1 kila moja. Ya kwanza ina mota ya wati 120, ya pili wati 400. Tuseme nusu ya nguvu inapotea kwenye mota na propela. Kuinua kilo 1 kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde kunahitaji takriban wati 10. Ndege ya kwanza, yenye wati 60 za kufanyia kazi, inapanda kama mita 6 kwa sekunde. Ukitoa kiasi ambacho ndege hushuka yenyewe, sekunde 30 zinaifikisha kama mita 165. Ya pili, yenye wati 200 za kufanyia kazi, inakaribia mita 600.

Sasa zima mota zote mbili. Katika hewa tulivu glaida ya aina hii hushuka karibu nusu mita kwa sekunde. Ya kwanza itagusa ardhi baada ya dakika tano na nusu. Ya pili itakaa kama dakika 20. Ikiwa shindano ni la dakika 10, rubani wa pili hana haja ya kuitafuta hewa inayopanda, anasubiri tu saa ikimbie. Muda wa mota ulikuwa sawa, lakini shindano limeamuliwa dukani.

Njia tatu za kusawazisha

*Vifaa sawa kwa wote.* Kila mshiriki anatumia aina moja ya ndege, mota, propela na betri. Njia hii inafaa sana shule, na tutairudia huko chini.

*Mota kukatwa kwenye kimo kilichopangwa.* Hii ndiyo njia inayojulikana Marekani kwa jina la ALES. Kifaa kidogo ndani ya ndege hupima kimo na kuzima mota ndege ikifika mita 200 au ikitimiza sekunde 30, lolote litakalotangulia. Kasoro yake ni mwendo unaobaki. Ndege inayopanda wima kwa mita 20 kwa sekunde wakati mota inakatwa inaweza kujiongezea karibu mita 20 kwa msukumo ule ule. Inayopanda kwa mita 6 kwa sekunde inaongeza chini ya mita 2. Mwenye mota kubwa bado amepata upendeleo.

*Kimo kupimwa na kutozwa.* Hii ndiyo njia ya daraja la F5J la Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, ambalo mashindano yake ya dunia yalifanyika Trnava, Slovakia, mwaka 2019. Mota inaruhusiwa kwa sekunde 30 zisizozidi, na rubani anachagua mwenyewe azime lini. Kila mita aliyopanda anailipia kwa pointi. Mota kubwa inakufikisha haraka, lakini haikupunguzii bei ya mita hata moja.

Kama mnaweza kupata altimita, yaani kifaa cha kupima kimo, chagueni njia ya tatu. Inamruhusu kila mtu aje na ndege aliyonayo, na inamlipa anayethubutu kuzima mota mapema kwa sababu ameisoma hewa.

Hesabu ya pointi

Marubani huruka pamoja kwa makundi. Kila sekunde ya kuruka ni pointi 1, ndani ya muda wa kundi wa dakika 10. Muda wa ndege unahesabiwa tangu inapoachwa mkononi hadi inapogusa ardhi.

Kimo cha kuanzia ni kimo cha juu kabisa kilichofikiwa tangu ndege ilipoachwa hadi sekunde 10 baada ya mota kuzimwa. Sekunde hizo 10 ndizo zinazoziba ule ufa wa mwendo unaobaki. Kila mita hadi 200 inakatwa pointi 0.5. Kila mita inayozidi 200 inakatwa pointi 3.

Kutua kuna pointi zake. Pua ya ndege ikisimama ndani ya mita 1 kutoka kwenye alama ya kutulia iliyowekwa ardhini ni pointi 50, ndani ya mita 2 ni 45, na kuendelea hivyo hadi pointi 5 ndani ya mita 10. Anayetua baada ya muda wa kundi kuisha anapoteza pointi za kutua, na akipitiliza zaidi ya dakika 1 ruko lake lote ni sifuri. Ndege ikisimama zaidi ya mita 75 kutoka kwenye alama, ruko ni sifuri vilevile.

Tazama mfano wa marubani watatu katika kundi moja:

- Wa Masoko anazima mota mita 80, anaruka sekunde 500, anapata 45 za kutua. Jumla: 500 kutoa 40, jumlisha 45, ni 505.
- Wa Katumba anazima mita 190, anaruka sekunde 595, anapata 50 za kutua. Jumla: 595 kutoa 95, jumlisha 50, ni 550.
- Wa Kiwira ana mota kali, anafika mita 240, anaruka sekunde 598 na kupata 50 za kutua. Mita 200 za kwanza zinamkata pointi 100, na mita 40 za ziada zinamkata 120. Jumla: 598 kutoa 220, jumlisha 50, ni 428.

Mshindi wa kundi anapewa 1,000 na wengine wanapimwa kwake. Wa Katumba 1,000, wa Masoko 918, wa Kiwira 778. Aliyekaa muda mrefu kuliko wote amekuwa wa mwisho, kwa sababu muda wake aliununua kwa mota.

Kupimana ndani ya kundi kuna maana kubwa Rungwe. Hewa ya saa nne asubuhi si ya saa saba mchana, wingu likishika Mlima Rungwe. Ukimlinganisha aliyeruka kwenye jua na aliyeruka chini ya wingu umemwonea mmoja wao. Wanaoruka pamoja wanapata hewa ile ile, basi walinganishwe wao kwa wao, na makundi yapangwe upya kwa kura kila raundi.

Altimita: mahali udanganyifu unapoanzia

Altimita ya glaida ina ukubwa wa kidole gumba. Inachomekwa kati ya risiva na kidhibiti cha mota, hivyo inaona mota ilipowashwa, ilipozimwa, na ndege ilikuwa kwenye kimo gani. Inapima kimo kwa kupima mgandamizo wa hewa. Ukichomeka betri, inatulia sekunde chache, inausoma mgandamizo wa pale ilipo na kupaita sifuri.

Hapo ndipo pa kukaza macho, hasa kwetu. Tukuyu ni mji wa vilima. Tuseme mshiriki anachomeka betri juu ya mteremko, mita 12 juu ya mstari wa kurushia, kisha anateremka na ndege ikiwa imewashwa. Altimita inaamini kwamba mstari wa kurushia ni mita 12 chini ya sifuri. Ndege ikifika mita 150 juu ya uwanja, kifaa kitaandika 138. Amepata pointi 6 bila kuruka, pengine hata bila kujua. Aliyechomeka bondeni ataadhibiwa kwa kiasi hicho hicho bila kosa.

Kuna jambo la pili. Katika nchi za joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kwa ratiba: unakuwa juu karibu saa nne asubuhi na kufika chini karibu saa kumi jioni, tofauti ikiwa kama hektopaskali 2 hadi 4. Kwenye mwinuko wa Tukuyu hektopaskali 1 ni takriban mita 10 za kimo. Altimita iliyowashwa asubuhi na kuachwa hivyo hadi jioni inaweza kuonyesha mita 20 hadi 40 za ziada ndege ikiwa imelala kwenye nyasi.

Dawa ya yote mawili ni moja: betri ichomekwe kwenye kigingi cha kurushia, yaani mahali pa mshiriki kwenye mstari, muda mfupi kabla ya kuruka, mtunza muda akiangalia, na kwa kila ruko upya. Ndege iwekwe chini na isiguswe mpaka kifaa kimalize kujipanga. Altimita isipigwe na jua moja kwa moja wala na upepo wa propela, na chumba chake kiwe na tundu la hewa.

Ndege ikitua, mtunza muda anaifikia kabla betri haijachomolewa, anasoma kimo kwenye kifaa na kukiandika mbele ya rubani. Wote wawili wanatia sahihi hapo hapo.

Pigeni marufuku pia ndege kumtumia rubani taarifa za kimo au za kupanda na kushuka ikiwa hewani. F5J inaruhusu nguvu ya mawimbi ya redio na hali ya betri tu, kwa ajili ya usalama. Mengine yote rubani ayaone kwa macho yake.

Uwanja wa Rungwe

Chagueni kati ya Juni na Oktoba. Miezi mingine mvua ya wilaya hii haina simile. Hata kiangazi asubuhi huwa na ukungu, kwa hiyo pangeni ruko la kwanza baada ya anga kufunguka, na malizeni kabla mawingu ya alasiri hayajashuka mlimani.

Mchana upepo huelekea kupanda miteremko kutoka upande wa Kyela na Ziwa Nyasa, ambalo liko zaidi ya mita 1,000 chini ya Tukuyu. Upepo unaogonga ukingo wa kilima unapinda juu, na glaida inayorushwa pale ukingoni inainuliwa bure. Ndiyo maana mstari wa kurushia upangwe mbali na ukingo, na vigingi vyote viwe kwenye usawa mmoja. Kama uwanja umeinama, uchoreni mstari ukate mteremko kwa upana, usishuke nao. Vigingi vigawiwe kwa kura katika kila ruko, ili hata tofauti ndogo zizunguke kwa wote.

Ardhi tupu, viwanja vikavu vya shule na mapaa ya bati hupata moto haraka kuliko mashamba ya chai na migomba. Huko ndiko hewa inayopanda huanzia mara nyingi. Waonyesheni washiriki wote mazingira hayo siku ya mazoezi, ili mwenyeji asiwe na siri ambayo mgeni hana.

Mtu aliyezoea kurusha Kyela au Dar es Salaam ataona ndege yake inapanda kivivu. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na propela inaishika kidogo. Asihofu. Kanuni ya kutoza kimo haijali ndege imepanda haraka au polepole, na hewa hiyo nyepesi ni ya wote.

Zungumzeni mapema na wenye mashamba yanayopakana na uwanja. Mkubaliane nani ataingia kuchukua ndege iliyoangukia kwenye chai, na kwa njia ipi, ili miche isikanyagwe.

Kurusha, hatua kwa hatua

1. Mshiriki na msaidizi wanafika kwenye kigingi chao. Mtunza muda anahakikisha rimoti imewashwa kwanza na mkono wa mota uko sifuri.
2. Betri inachomekwa. Ndege inalala chini hadi altimita itoe ishara.
3. Msaidizi anaishika ndege chini ya bawa, nyuma ya kitovu cha uzito wake, vidole na kanga au skafu mbali na propela. Hakuna mtu anayesimama mbele.
4. Kipenga kinalia: muda wa kundi umeanza. Anayeachia kabla ya kipenga amepoteza ruko hilo.
5. Mota inawashwa ndege ikiwa bado mkononi. Inaachwa ikiwa imelala sawa au imeinua pua kidogo, kwa kusukumwa mbele. Inakwenda moja kwa moja kwanza, bila kukata mbele ya jirani.
6. Mtunza muda anabonyeza saa ndege inapotoka mkononi. Mota ikifika sekunde 30 altimita inaizima.
7. Mota ikishazimwa haiwashwi tena. Rubani akiona ndege inakwenda kuumiza mtu au kupotea, awashe bila kusita, ruko lihesabiwe sifuri. Kanuni isimfanye mtu achague pointi badala ya usalama.

Kwa kutua, funga kamba ya mita 10 kwenye alama, yenye fundo kila mita. Ivute hadi kwenye pua ya ndege na hesabu mafundo. Hakuna atakayebisha.

Kama altimita hazitoshi

Mkiwa na altimita chache, rusheni makundi madogo na kuzihamisha kutoka ndege moja hadi nyingine. Siku itakuwa ndefu, ila vipimo vitakuwa vya kweli.

Msipokuwa nayo hata moja, rudini kwenye njia ya vifaa sawa. Ndege za povu za aina moja, mota na propela zilizokuja nazo, betri za ukubwa mmoja. Mota iwashwe sekunde 20 au 30, ikipimwa na mtunza muda kwa kusikia na kuona. Tatizo litakalobaki ni betri, kwa kuwa iliyochoka haivuti kama mpya. Mwandaaji azikusanye zote asubuhi, azichaji pamoja, apime volti (betri ya seli 3 iliyojaa inasoma 12.6), kisha azigawe kwa kura kabla ya kila raundi. Mwenye betri mpya hatabaki nayo peke yake siku nzima.

Kwa wanaoanza, punguzeni muda wa kundi uwe dakika 5. Viwango vingine viacheni vilivyo, ili wakikua wasijifunze upya.

Malalamiko

Chagueni mwamuzi mkuu ambaye hana ndege, mwanafunzi wala ndugu kwenye shindano. Malalamiko yaandikwe kabla raundi inayofuata haijaanza, na jibu litolewe mbele ya wote. Ruko lirudiwe kwa sababu zinazojulikana tu: ndege mbili zimegongana, mtunza muda amekosea, au uwanja umezuia kurusha. Mota kugoma au betri kuisha si sababu.

Altimita ikishindwa kuonyesha kimo, ruko ni sifuri. Kanuni hii inauma, lakini bila hiyo kila aliyepanda sana atakuwa na kifaa kilichoharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vibali na usalama

Ndege zisizo na rubani ndani yake ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, yenye kanuni mahsusi za mwaka 2018. Waandikieni mapema mkitaja mahali, tarehe, uzito wa ndege na kimo cha juu mnachotarajia, na msirushe kabla ya kupata majibu. Ofisi ya mkuu wa wilaya, polisi na mtendaji wa kata wapate nakala.

Ujuzi wa kurusha kwa mkono ndege ndogo za umeme upo nchini. Mradi wa kupiga picha za ramani Zanzibar, ulioanza mwaka 2016, ulitumia ndege za eBee zinazorushwa kwa mkono, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha. Mwaka 2018 Mwanza ilikuwa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, iliyokusanya warushaji wa ndege zisizo na rubani kutoka nchi mbalimbali. Mkihitaji wakufunzi wa waamuzi, anzieni kwa watu wa aina hiyo.

Betri za lithiamu zichajiwe nje ya darasa, juu ya saruji, mtu akiwepo. Iliyovimba isitumike tena.

Karatasi ya kubandika uwanjani

1. Mota: sekunde 30 zisizozidi, mara moja tu.
2. Kimo cha kuanzia: cha juu kabisa hadi sekunde 10 baada ya mota kuzimwa.
3. Makato: pointi 0.5 kwa mita hadi 200, pointi 3 kwa kila mita inayozidi.
4. Betri inachomekwa kwenye kigingi, mbele ya mtunza muda, kila ruko.
5. Vigingi na makundi ni kwa kura.
6. Kuachia kabla ya kipenga, kuwasha mota tena au kukosa kipimo cha kimo: sifuri.
7. Hakuna taarifa za kimo kutoka kwenye ndege ikiwa hewani.
8. Kimo na muda vinasainiwa na rubani na mtunza muda papo hapo.

Isomeni karatasi hii kwa sauti kabla ya ruko la kwanza na kila mshiriki aitie sahihi. Mkiona kanuni ina kasoro katikati ya siku, iandikeni pembeni na muirekebishe kwa mashindano yajayo. Kanuni iliyobadilishwa ndege zikiwa zimesharuka, hata ikiwa nzuri kuliko ya zamani, imeshamnyang'anya mtu kitu alichokipata kwa haki.